Mawe Matatu Kando ya Kisima

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa mlangoni kwa ajili ya suruali. Bawabu wa wizara alinitazama toka kiatu mpaka kichwa, akaniuliza, "Wewe Muomani?" Nikamwambia ndiyo. "Basi kanzu yako iko wapi? Mtumishi wa serikali haingii humu kama anakwenda kucheza mpira." Tulikuwa hatujatimiza miezi miwili tangu tufike Maskati, kwa asili ya babu zetu, kutoka Unguja, mimi na mama yangu, na suruali ile ya kahawia ndiyo iliyokuwa nguo yangu ya heshima. Nikarudi Darsait, mtaa tuliokaa, kwa miguu, nikaazima kanzu ya mjomba, fupi, imenikomea kwenye miundi, nikaingia kazini saa nne jasho linanimwagika. Ndivyo nilivyoanza.

Nyinyi mnaochora kwa kompyuta na kufuta kwa kidole kimoja, mkiambiwa kwamba mzee huyu alikuwa mchoraji ramani, mnafikiri nilikuwa napaka rangi vitabuni. Chekeni tu. Tulichora kwa wino juu ya karatasi ya mafuta, ile nyembamba inayopitisha mwanga, kwa kalamu za ncha ya chuma ambazo usipoziosha jioni, asubuhi zimeziba na siku yako imeharibika. Ukikosea mstari unaukwangua kwa wembe, taratibu, mpaka wino utoke na karatasi isitoboke. Nakala zilitolewa chumba cha nyuma kwa mashine ya amonia, na yule bwana aliyeiendesha alikuwa akitoka macho mekundu kama mtu wa matangani. Niliipenda kazi ile. Sina sababu ya kuona haya kusema hivyo.

Mkuu wa Chumba cha Ramani alikuwa Msudani mrefu, mwenye sauti ya chini, na ile sauti ya chini ndiyo iliyotutia khofu. Alitufundisha kupima majengo ya zamani kabla hayajavunjwa, maana miaka ile nchi ilikuwa imefunguka, barabara zinakatwa kila upande, na kila wiki kuna ukuta wa mababu unaolala chini. Utaratibu wake ulikuwa huu: kila kitu kilichomo kiwanjani, kisima, mti, ngazi, unakipima kutoka sehemu mbili zinazojulikana, ili hata kikiondoka, mtu mwengine aweze kuvuta tepu zake mbili akapapata mahali pake. Kisha unakiandikia jina.

"Kitu usichokijua andika 'sijui'," alituambia. "Mimi nikiona 'sijui' kwenye ramani sikasiriki. Namtuma mtu akaulize."

Mimi nikaitikia "haya" na yakapita sikio hili yakatokea la pili. Kijana wa miaka ishirini na mbili, kitu gani nisichokijua?

Lazima niseme pia tulivyokuwa tukitazamwa, maana bila ya hilo hamtaelewa kwa nini nilifanya nilivyofanya. Wenzetu wa chumba cha pili, waliozaliwa hapa, walituita Zinjibari, yaani watu wa Zanzibar. Hakukuwa na ugomvi, lakini maneno yalikuwepo: hawa wanatia nazi kila chakula, Kiarabu chao cha chuoni, cha kusomea Kurani, desturi za nchi hawazijui, na bado wanapewa kazi za ofisini. Kiarabu changu kwa kweli kilikuwa cha chuoni. Msahafu niliusoma wote, lakini dukani niliagiza mkate kwa kidole. Kwa hivyo kila mmoja wetu alijua kwamba akiharibu yeye, tumeharibu sote.

Sasa nije kwenye msikiti. Ulikuwa Darsait, pembeni mwa wadi, lile bonde la mto mkavu, na amri ilitoka uvunjwe kwa sababu kuta zimepata nyufa na barabara inapanuliwa, ujengwe mpya mkubwa zaidi palepale. Nilitakiwa niuchore na niandike khabari zake kwa ufupi. Nikawauliza wazee wa mtaa, wakanipa historia yake vikombe vya kahawa havijapoa. Ulijengwa zaidi ya miaka mia kabla, na aliyeujenga ni mwanamke, Bi Raya, mtu wa mtaa ule ule. Mumewe alisafiri kwenda Unguja akiwa kijana, akamwachia mtoto mchanga, asirudi wala asilete barua. Bi Raya alimngoja muda mrefu, kisha akaacha kumngoja, akaifanya wakfu mitende aliyorithi kwa baba yake, akaita mafundi.

Ulikuwa msikiti mdogo, safu nne za watu, tano wakibanana. Kuta za mawe na saruji ya kale, yaani ule udongo uliochomwa ukasagwa ukachanganywa na chokaa, ambao fundi akiupiga vizuri haupitishi tone la maji. Mnara haukuwa nao. Misikiti ya zamani ya hapa haikuwa na minara. Ilikuwa na kikuba kidogo tu juu ya ngazi ya kupandia paani, na muadhini anaadhini hapo. Mihrabu yake haikuwa na nakshi hata moja. Nilipotazama juu nikaziona boriti za mikoko, nikazijua papo hapo. Zilikuwa za kwetu, zimevuka bahari kuja kushika paa la mwanamke ambaye mumewe hakuvuka kurudi.

Wazee waliniambia yote hayo. Mahali alipozikwa Bi Raya hawakuniambia, kwa sababu hapakuwa na mtu mtaani asiyejua, na jambo linalojulikana na kila mtu hakuna anayelisimulia. Na mimi sikuuliza.

Siku ya kupima nilikwenda na mshika tepu wangu, Mhindi wa Kerala, mtu mzima na mtaratibu, mgeni wa nchi kuliko mimi. Msikiti ulikuwa umeshafungwa, hapana mtu. Tulimaliza ndani, tukatoka uani. Upande wa kaskazini palikuwa na kisima, na baina ya kisima na mlango wa ubavuni palikuwa na mawe matatu ya wadi, makavu, yamekwaruzika, yamezama ardhini yakabaki kiasi cha kiganja, safu moja.

Nilipoyaona, wallahi, moyo ulinifunguka. Kwetu Unguja kila msikiti una birika, na kando ya birika kuna mawe ya kusugulia miguu. Unateka maji kwa kata, unaosha, unasugua visigino kwenye jiwe, unaingia kusali miguu imetakata. Nimekua nikifanya hivyo kila siku. Nikavua makubadhi, nikajimwagia maji ya chupa, nikakanyaga jiwe la kati nikasugua visigino, kimoja baada ya chengine, nacheka peke yangu.

"Nini hiyo?" aliuliza mshika tepu.

"Mawe ya miguu, bwana! Kumbe na hapa yapo!"

Miezi yote ile nilikuwa mgeni wa kila kitu, mpaka wa kanzu niliyoivaa. Dakika ile nilijiona nimefika nyumbani. Tukayapima mawe kwa uangalifu, kutoka kisimani na kutoka pembe ya msikiti, nikaandika kwenye ramani: mawe ya kusugulia miguu, matatu. Kwenye fomu palikuwa na mstari unaouliza kama kiwanjani mna makaburi. Nikaandika: hayamo.

Msikiti ulivunjwa kwa siku mbili. Boriti zilichukuliwa na wenye mabanda, vifusi vikapakiwa malori, na mawe yale yakaenda na vifusi. Mimi nikapewa majengo mengine.

Kiasi cha miezi minne baadaye mama wa karani mwenzetu alifariki, Jumatano, tukaenda kuzika. Nilikuwa nimeshazika mara kadhaa tangu nije, lakini kila mara maiti alikuwa mwanamume, na juu ya kaburi waliweka mawe mawili, la kichwani na la miguuni. Siku ile walipokwisha kufukia wakaweka la kichwani, wakaweka la miguuni, kisha mtu akaja na la tatu akalipachika katikati.

Nikamuuliza aliyesimama karibu yangu, "Mbona matatu?"

"Si ni mwanamke," akanijibu, kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yana umajimaji. "Mwanamume mawili, mwanamke matatu. Kwenu huko hamna?"

Kwetu huko hamna. Nikaomba udhuru nikakaa kwenye gari la watu. Mawe yale ya kisimani niliyajua sasa ni ya nani: kaburi la mwanamke uani mwa msikiti, la nani kama si la aliyeujenga? Na niliijua ramani ya msikiti mpya, kwa sababu nakala yake ilipita mezani kwangu: vyoo vilikuwa upande wa kaskazini, karibu na kisima, kwa ajili ya mfereji wa maji machafu. Saruji ya msingi ilikuwa imwagwe Jumamosi. Mwanamke aliyejenga msikiti alikuwa anakwenda kujengewa vyoo kifuani, na karatasi iliyoruhusu ilikuwa na mwandiko wangu.

Alkhamisi niliingia ofisini kabla ya wote. Nikaifungua droo, nikaitoa ramani ya asili, nikaitandaza mezani. Wembe ulikuwa pale pale. Nitakuambieni kweli: niliushika. Maneno matano ya wino, kazi ya robo saa. Msikiti umeshavunjwa, mawe yameshatupwa, Jumamosi saruji inafunika. Mshika tepu ameshahamia kampuni nyengine. Nani atajua? Na mbele ya macho nikawaona wale wa chumba cha pili wakipigana vikumbo kwa kucheka: Zinjibari hawa, hata kaburi hawalijui!

Mkuu akaingia akanikuta nimeushika.

"Unakwangua nini asubuhi hii?"

Nikamwambia. Nilianza kwa Kiarabu, nikachanganya na Kiingereza, mwisho nikawa namwonyesha kwa mikono: mawe matatu, mwanamke, vyoo. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikaongeza, mpumbavu mimi, kwamba nakhofu watu watasema Wazanzibari hawana maana.

"Usiniletee khabari za Wazanzibari," akasema kwa sauti yake ya chini. "Aliyeandika ni nani? Wewe. Basi weka wembe chini, chukua kalamu. Piga mstari mmoja juu ya neno lako, lisomeke, uandike la kweli pembeni na jina lako kamili. Kisha twende kwa Mkurugenzi."

Mkurugenzi alikuwa mtu wa Nizwa, mzito wa maneno. Alisikiliza, akapiga simu moja ya kusimamisha saruji, akanigeukia. "Wenye kaburi utawaambia wewe. Mimi nitakuwepo, lakini utasema wewe."

Tukakutana kiwanjani Ijumaa baada ya sala. Sheikh wa mtaa alikuja, naye ndiye mjukuu wa Bi Raya, na wanaume kiasi cha ishirini. Kwenye ukuta wa jirani walisimama wanawake, na mbele yao binti wa sheikh, Bi Zuweina, ambaye wakati ule alikuwa mama wa watoto wawili. Nikasimama mbele yao na kanzu yangu, sasa refu ya kutosha, nikasema, "Mimi ndiye niliyeandika. Niliyaona mawe, sikuyajua, na sikuuliza."

"Kwa nini hukuuliza?" sheikh aliniuliza.

"Nilidhani nayajua."

Nyuma mtu akasema lile neno, Zinjibari, na mwengine akacheka puani. Sheikh akageuka. "Na wewe ulikuwa wapi wakati tingatinga linasukuma? Nyumba yako si ile? Sote tulikuwepo, kila mmoja akidhani mwenzake amesema." Yule bwana akatazama chini. Mimi nikavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Basi tukapima. Mdomo wa kisima ulikuwepo bado, na mawe ya msingi wa pembe ile tuliyopimia hayajang'olewa. Nikashika tepu moja, Mkuu mwenyewe akashika ya pili, tukazivuta mpaka zikakutana, nikachomeka kijiti. Wakachimba kwa mikono, udongo wa juu tu. Haukupita muda wakagusa mawe bapa yaliyofunika mwanandani, yamepangwa vizuri, hayajaguswa na chochote. Wakasimama hapo hapo. Sheikh akapiga magoti. Kule ukutani wanawake wakaangua kilio, na mimi nikageuza uso, nalia na mimi.

Bi Zuweina akaniita kutoka ukutani. "Wewe uliyaona mawe yake kwa macho yako?"

"Niliyaona."

"Yalikuwa mazima?"

"Yalikuwa mazima, bibi." Nikanyamaza hapo.

Kadhi aliulizwa, akasema aachwe alipo, asisumbuliwe. Vyoo vikahamishiwa upande wa pili, mfereji ukazunguka, injinia akanuna wiki nzima. Wakaleta mawe mengine matatu kutoka wadi na kumjengea kijiukuta cha kiasi cha goti. Sheikh alinibusu paji la uso mbele ya watu na kuniita nyumbani kwake kwenye halwa. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukanijua: huyu ndiye aliyemrudisha bibi yetu. Hata wale wa chumba cha pili walianza kuniamkia kwa jina langu.

Baada ya hapo utumishi ukaenda kama unavyokwenda. Nikapelekwa Sur, chini ya mpimaji mkuu Mjordani aliyeogopa jua na kupima kila kitu magharibi inakaribia. Nikapelekwa Salala misimu mitatu, karatasi zinalowa ukungu na wino haukauki. Nikarudi, wizara zikahamia Al Khuwair, nikapewa ofisi yenye kiyoyozi na cheo cha Mkuu wa Chumba cha Ramani, kiti kile kile cha yule Msudani, Mungu amrehemu. Kompyuta zilipokuja nilijifunza, kwa kelele nyingi lakini nilijifunza. Vijana waliokuja kwangu niliwapeleka kwanza makaburini, mchana kweupe, wakahesabu mawe. Walinidhania nimerukwa na akili. Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani na keki, Mkurugenzi mpya akatoa hotuba, na humo akataja kisa cha msikiti wa Darsait, uaminifu wangu, ujasiri wangu, watu wakapiga makofi. Mimi kila nikisikia makofi yale visigino vinaniwasha.

Maana kuna jambo moja nililifanya ambalo sikuliandika kwenye ramani wala fomu. Sheikh sikumwambia, Mkuu sikumwambia, na mke wangu nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii sikumwambia. Nyinyi mmeshalisoma hapo juu. Kuandika jina la makosa ni kosa la kazi, linasahihishwa kwa mstari mmoja na saini. Lakini mimi nilimpanda yule mama kwa miguu mitupu nikamsugulia visigino, tena nacheka, na watu wananibusu paji la uso.

Mwaka jana tukasikia Bi Zuweina yu mgonjwa. Sasa ni kikongwe, macho yamekwisha, anakaa kwa mwanawe Darsait ghorofa ya pili. Tukaenda kumjulia hali, mimi na mke wangu. Chumba kimejaa wajukuu. Aliposikia jina langu akajiinua kwenye mito, akawaambia, "Mkono wake huu mbusuni. Huyu ndiye aliyemrudisha bibi yetu." Na mjukuu wa kwanza akanyanyuka kweli kuja kunibusu mkono.

Sikuweza. Nikauficha mkono chini ya kanzu.

"Bi Zuweina, siku ile uliniuliza kama niliyaona mawe. Sikuyaona tu. Niliyakanyaga. Nilivua viatu nikasugulia miguu, nilidhani ya msikiti, kama ya kwetu. Nilikuficha. Nakuomba radhi."

Mke wangu ananitazama kama mtu aliyeolewa jana. Yule bibi aligeuza uso wake upande wangu.

"Radhi yangu ya nini?" akasema. Hakukasirika wala hakucheka. "Miguu hukunisugulia mimi. Nenda kamwombee yeye."

"Nitakwenda, inshallah."

"Nenda sasa. Mkeo muache hapa, tutampa kahawa."

Nikateremka ngazi na magoti yangu haya, nikavuka barabara, nikaingia uani mwa ule msikiti mkubwa. Ilikuwa karibu na alasiri, watu wanaanza kuingia. Nikasimama kando ya kile kijiukuta nikainua mikono. Nilitaka kumwombea kwa Kiarabu, mtu wa hapa, aombewe kwa lugha yake. Karibu miaka khamsini nimeisema lugha ile ofisini, nimetolea amri, nimegombezea watu, na saa ile haikuja hata sentensi moja. Nikamwombea kwa Kiswahili, lugha ya mji uliomzuia mumewe. Nikamwambia ni mimi, na nilichofanya, na kwamba sikujua. Nililia mzee mzima, kwa sauti, na watu wanapita kwenda kutawadha.